Kwenda Dublin na watoto na bibi yao kuona makumbusho ya Waayalandi waliohama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu tuliporudi Dublin, simu haijatulia. Kila familia inayopanga safari ya likizo inauliza yaleyale, nami nimechoka kurekodi sauti za dakika saba kwenye WhatsApp. Nimeyaandika hapa. Kwa wasiotujua: tunaishi Uingereza, kwetu ni Lushoto. Tulikwenda watano: mimi, mwenzangu, mtoto wa miaka 11, mdogo wake wa miaka 6, na mama yangu aliyekuwa amekuja kututembelea. Mama amelima viazi mviringo maisha yake yote, na hilo mtaliona huko mbele.

EPIC ni kitu gani hasa?

Ni makumbusho ya watu waliotoka Ayalandi kwenda kuishi kwingine. Yalifunguliwa mwaka 2016 na yana vyumba 20. Ukitarajia mitungi na mikuki nyuma ya vioo utashangaa, maana karibu kila kitu ni skrini, sauti na mwanga: unagusa, unasikiliza, unajibu maswali, unacheza ngoma. Mwanzilishi wake, Neville Isdell, aliwahi kuongoza Coca-Cola duniani. Alizaliwa Ayalandi ya Kaskazini, akahamia Zambia na wazazi wake akiwa mtoto, na kazi ya soda akaianzia hukohuko Zambia. Kwa hiyo aliyejenga nyumba ya wahamaji ni mhamaji mwenyewe, tena aliyelelewa Afrika.

Yapo wapi, na tunafikaje?

Yapo Custom House Quay, kando ya mto Liffey, katika vyumba vya chini vya jengo linaloitwa CHQ. Jengo ni la mwaka 1820, lilikuwa ghala la tumbaku na mvinyo, na dari za matofali zilizopinda bado zipo. Tremu ya Luas, njia nyekundu, inasimama George's Dock, hatua chache tu kutoka mlangoni.

Sisi tulivuka kwa feri kutoka Holyhead, bandari ya Wales, saa tatu na kidogo baharini. Nakushauri ufanye hivyo kama unaweza. Miaka ya 1950 vijana wa Ayalandi walivuka bahari hiyohiyo kwa meli za barua, wakija kujenga barabara na kuuguza wagonjwa Uingereza. Sisi tulikuwa tunairudia njia yao kinyumenyume. Mtoto wa kwanza alilielewa hilo; wa pili alitapika.

Mama ana visa ya Uingereza. Inatosha?

Haitoshi, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Ayalandi ni nchi nyingine, na wala haimo katika Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia visa moja. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji visa ya Ayalandi, hata kama amekaa Uingereza miaka kumi kwa kibali halali. Watoto wetu wana pasipoti za Uingereza, wakapita bila neno. Mama tulimwombea visa mapema. Hakikisheni pia kwamba visa ya Uingereza ya mgeni wenu inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, msije mkamwacha bibi Dublin.

Tiketi ni kiasi gani, na tutakaa muda gani?

Mtu mzima alikuwa anazidi kidogo euro 20, na kuna tiketi ya familia. Nunueni mtandaoni kabla ya siku yenyewe. Wenyewe wanasema saa moja na nusu inatosha. Sisi tulikaa karibu saa tatu kwa sababu bibi hakutaka kupitwa na hata barua moja.

Watoto watachoka?

Wetu hawakuchoka, na sababu kubwa ni pasipoti. Mlangoni kila mgeni anapewa kijitabu kama pasipoti, na ndani kuna vituo vya kugonga muhuri mwenyewe. Mtoto wa miaka sita hana habari na historia, ila muhuri anaujua. Alitukokota chumba hadi chumba akihesabu.

Vyumba vya mwanzo vinaeleza kwa nini watu waliondoka: njaa, dini, vita, umaskini, na wengine kusafirishwa Australia kama wafungwa. Baada ya hapo mambo yanachangamka. Kuna wanamichezo, wanasayansi, wanasiasa, wanamuziki. Sehemu ya wahalifu ndiyo iliyompendeza mkubwa wetu, na nadhani itampendeza kila mtoto wa umri huo duniani. Mdogo alinasa kwenye chumba cha ngoma, pale unapofuata hatua za mchezaji kwenye skrini. Miguu inaruka huku mikono imekakamaa ubavuni. Bibi alimtazama kwa muda, kisha akauliza kama hao watu walikuwa wamefungwa kamba.

Angalizo moja: ni chini ya ardhi, mwanga ni hafifu na sauti zinatoka kila upande. Mtoto anayeogopa giza ashikwe mkono. Kwa wenye vigari na viti vya magurudumu kuna lifti.

Kwa nini Waayalandi wengi hivyo waliondoka?

Tangu mwaka 1700 wameondoka takriban milioni 10 katika kisiwa ambacho hata leo hakina watu wengi. Walianza zamani. Mwaka 1607 machifu wa Ulster, jimbo la kaskazini, walipanda meli katika bandari ya Rathmullan wakaenda zao Ulaya wasirudi. Baada ya vita vya 1691 maelfu ya askari walihamia jeshi la Ufaransa. Lakini ukisema kuhama mbele ya Mwayalandi, kwanza anafikiria Njaa Kuu, 1845 hadi 1852.

Sensa ya 1841 ilihesabu watu zaidi ya milioni 8. Ile ya 1851 ilikuta milioni 6 na nusu. Kama milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja waliondoka. Nchi haikupona kwa hesabu: ilipofanyika sensa ya 2022, Jamhuri ya Ayalandi ilivuka watu milioni 5 kwa mara ya kwanza tangu 1851.

Chanzo chake kilikuwa ugonjwa wa viazi. Mama alisimama mbele ya maelezo yale akaniambia nimtafsirie tena: jani linaanza na doa, doa linakuwa jeusi, baada ya siku chache shamba zima linanuka. “Hiyo si bakajani?” akauliza. Ndiyo yenyewe. Ukungu uleule ambao wakulima wa Usambara wanaupulizia dawa kila msimu wa mvua ndio uliovunja nchi hii. Wao hawakuwa na dawa, na wengi walipanda aina moja tu ya kiazi, Lumper, kwa hiyo kilipougua kimoja viliugua vyote.

Kwani hawakuwa na chakula kingine?

Hili liliulizwa na mama, kwa sauti, katikati ya chumba. Tangu siku ile kila ninayemsimulia anauliza hivyohivyo.

Chakula kilikuwapo. Mkulima maskini alikuwa mpangaji kwenye ardhi ya mwenye shamba, na mara nyingi mwenye shamba alikuwa akiishi Uingereza. Nafaka na mifugo vilikuwa vya kulipia kodi. Kiazi ndicho kilichokuwa cha kula. Kiazi kilipooza, kodi haikusimama. Asiyelipa alifukuzwa, na kibanda chake kikabomolewa ili asirudi. Meli zenye nafaka, siagi na ng'ombe ziliendelea kuvuka kwenda Uingereza watu wakifa kando ya barabara. Mwaka 1847 sheria ikaongeza sharti: mwenye zaidi ya robo eka ya ardhi hapewi msaada mpaka aiachie. Kwa hiyo uchague, shamba au uji. Mama, ambaye ameshuhudia ugomvi mwingi wa mashamba kule mlimani, alitikisa kichwa na kusema huo si msaada, ni kunyang'anywa kwa adabu.

Halafu tukafika kwenye mahindi. Serikali ya Robert Peel, waziri mkuu wa Uingereza iliyoitawala Ayalandi wakati huo, ilinunua kimyakimya mahindi ya Marekani ya thamani ya pauni 100,000 ili kupoza bei. Yalikuwa mahindi magumu ya njano. Vinu vya kuyasaga sawasawa vilikuwa haba, na watu hawakuwahi kuyapika. Waliyala yakiwa mabichi ndani, wakaharisha, wakayapachika jina “kiberiti cha Peel”, kiberiti kwa maana ya salfa. Hapo mama akanyamaza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasema: “Watu wamekufa na unga mkononi, kwa kukosa mtu wa kuwaonyesha kusonga.” Niliwatafsiria watoto. Mkubwa alidhani bibi anatania. Hakuwa anatania.

Tuanzie ndani au nje?

Nje, na nasema hivi kwa msisitizo. Dakika chache kutoka mlangoni, palepale gatini, pana sanamu za shaba za Rowan Gillespie, zilizowekwa mwaka 1997. Ni watu waliokonda, wamevaa matambara, wanatembea kuelekea kwenye meli. Mmoja amebeba mtoto shingoni kama mtu anavyobeba mwanakondoo. Nyuma yao anafuata mbwa. Hazikuwekwa hapo kwa bahati: Machi 1846 meli Perseverance iliondoka gati hilihili kwenda New York. Toronto, upande wa pili wa bahari, msanii huyohuyo aliweka sanamu za wanaofika, na ukizihesabu ni chache kuliko walioondoka hapa.

Ukianza na sanamu hizi, utaingia ndani ukiwa na uzito unaostahili. Ukianza ndani, ukatoka na picha za watu mashuhuri kichwani, sanamu zitakuwa mahali pa kupigia picha tu. Tuliona watalii wamewakumbatia mabegani wakicheka. Mdogo wetu aliuliza kama yule mbwa alipata kupanda meli. Sikuwa na jibu la kumridhisha.

Na ile meli iliyo karibu, inafaa?

Jeanie Johnston ya leo ni nakala ya meli ya kweli iliyojengwa Quebec mwaka 1847. Kati ya 1848 na 1855 ilifanya safari 16 na kubeba watu wapatao 2,500, na hakuna hata mmoja aliyefia ndani. Wakati huo meli nyingine zilikuwa zikiitwa majeneza yanayoelea, na mwaka 1847 peke yake zaidi ya watu 5,000 walizikwa kisiwa cha Grosse Île, Kanada. Siri ya Jeanie Johnston ilikuwa nahodha makini na daktari aliyesafiri nao, Richard Blennerhassett. Katika safari ya kwanza alizaliwa mtoto, wazazi wakamwita Nicholas Johnston Reilly, yaani jina la mwenye meli na la meli yenyewe. Watoto wetu wamelikariri.

Meli ya mbao inahitaji matengenezo ya mara kwa mara, kwa hiyo hakikisheni kwanza kama iko wazi siku yenu. Ngazi ni za mwinuko. Bibi alibaki gatini na chai yake.

Kuna kitu ambacho hukukipenda?

Kipo. Makumbusho haya yanawapenda sana walioshinda. Unapita marais, mabondia, wavumbuzi, mpaka unaanza kudhani kila aliyeondoka alifanikiwa. Wale waliosafisha nyumba za watu Boston hadi kufa, au waliozeeka peke yao kwenye chumba cha kupanga London, unawakuta kwa kuwatafuta. Na waliobaki nyumbani ndio waliopata nafasi ndogo kuliko wote.

Mama ndiye aliyeligundua. Tulikuwa chumba cha kumi na kitu, mdogo anagonga mihuri, mama akauliza: “Na mama zao?” Basi nikamweleza ninachokijua. Usiku kabla ya kijana kuondoka kwenda Marekani, kijiji kilikusanyika kwao mpaka alfajiri, wanakunywa, wanacheza, wanalia. Wenyewe waliita mkesha wa Marekani, kwa neno lilelile wanalotumia kwa mkesha wa maiti. Tafsiri yake ya haki kwetu ni matanga. Walikuwa wanamwekea matanga mtu aliye hai, kwa sababu walijua hawatamwona tena. Baada ya hapo ilikuja barua, na ndani ya barua fedha, mara nyingi tiketi ya mdogo wake. Mtoto mmoja akimvuta mwingine, mpaka nyumba inabaki na wazee wawili na moto wa makaa ya udongo.

Mama hakusema kitu. Mimi niliondoka Lushoto, nikamvuta mdogo wangu miaka minne baadaye. Tulikwenda chumba kinachofuata.

Afrika Mashariki imo?

Msitegemee mengi kwenye skrini. Ila hadithi zipo, na ni vizuri mzazi aende nazo mfukoni ili watoto wasidhani Waayalandi walikwenda Marekani tu. Teresa Kearney, msichana wa Arklow, alifika Uganda mwaka 1903 akiwa mtawa. Waganda wanamjua kwa jina la Mama Kevin, na shirika la masista alilolianzisha Nkokonjeru bado lipo. Edel Quinn alifika Nairobi 1936, mgonjwa wa kifua kikuu, akazunguka Afrika Mashariki kueneza Jeshi la Maria, chama cha waumini wa Kikatoliki, hadi alipofariki 1944. Kaburi lake liko Nairobi. Bruda Colm O'Connell alikwenda Iten, Kenya, mwaka 1976 kufundisha shule. Wakati anafika hakuwa mwalimu wa riadha, na mikononi mwake akapita mkimbiaji David Rudisha.

Kwa wenzetu wa Kongo kuna Roger Casement, mzaliwa wa Dublin, aliyekuwa konsuli wa Uingereza. Ripoti yake ya 1904 ilianika ukatili wa utawala wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji, katika biashara ya mpira. Mwaka 1916 Uingereza ileile iliyomtuma ilimnyonga, kwa kuipigania Ayalandi.

Ni kweli Obama ni Mwayalandi?

Kwa upande wa mama yake, ndiyo. Falmouth Kearney aliondoka kijiji cha Moneygall, kaunti ya Offaly, mwaka 1850 akiwa kijana wa miaka 19, mtoto wa fundi viatu. Obama mwenyewe alikwenda Moneygall Mei 2011. Leo kando ya barabara kuu kuna kituo cha mafuta na vyakula kinachoitwa Barack Obama Plaza. Sijui Kogelo, kijiji cha baba yake kule Kenya, wanasubiri nini.

Tutaelewa kama Kiingereza kinatupiga chenga?

Maelezo makuu ni ya Kiingereza, Kiswahili hatukukikuta. Mpangieni mzee mtafsiri mmoja asiyebadilika. Sisi tulipokezana, na mama akawa anapata matoleo matatu ya hadithi moja.

Chakula na sala?

Kuna mikahawa juu, ndani ya jengo hilohilo, lakini wenye kutafuta halali waulize kabla ya kuagiza. Msikiti tulioswali uko South Circular Road, mbali kidogo, na zamani lilikuwa kanisa la Wapresbiteri. Chukueni makoti ya mvua hata kama kuna jua.

Tuna siku moja au mbili za ziada. Twende wapi?

Ukitaka njaa yenyewe bila mapambo, nenda Strokestown, kaunti ya Roscommon, kwenye makumbusho ya taifa ya Njaa Kuu. Mwaka 1847 wapangaji 1,490 wa shamba lile walitolewa na kutembezwa hadi Dublin, wakapelekwa Liverpool na kisha Kanada. Njia yao ya kilomita 165 sasa ni njia ya matembezi, na kandokando yake vimewekwa viatu vidogo vya shaba vya watoto.

Ukipenda bahari, nenda Cobh, karibu na Cork. Ndiyo iliyokuwa bandari kubwa ya kuondokea, na Titanic ilipakia abiria wake wa mwisho hapo tarehe 11 Aprili 1912. Gatini kuna sanamu ya Annie Moore na wadogo zake wawili; ndiye mhamiaji wa kwanza kupokewa Ellis Island, 1 Januari 1892.

Kuna pia kijiji cha makumbusho Omagh, lakini hiyo ni Ayalandi ya Kaskazini, yaani Uingereza. Barabarani hamtaona kizuizi, ila mwenye visa ya Ayalandi peke yake asivuke.

Wanaweza kututafutia ukoo?

Katika jengo hilo kuna kituo cha kutafuta koo za Kiayalandi. Kazi ni ngumu hata kwao, kwa sababu kumbukumbu nyingi za sensa ziliteketea Dublin mwaka 1922 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mkubwa wetu alitaka na sisi tutafutwe. Bibi yake akamwambia akae chini, akamtajia baba, babu, baba wa babu, na kuendelea nyuma hadi vidole vya mikono vikakaribia kwisha. Bila euro.

Ile pasipoti ya makumbusho mnaruhusiwa kurudi nayo?

Ndiyo, ni yenu. Za watoto zilipotea ndani ya wiki. Ya mama ilikwenda Lushoto kwenye bahasha moja na pasipoti ya kweli, mihuri yote imekamilika, maana alirudi vyumba viwili nyuma kugonga iliyompita. Dada yangu ananiambia majirani wameshaiona, na habari iliyozagaa ni kwamba mama ametembea nchi ishirini. Hajawasahihisha.